Stima Ikipotea, Toka Nje

Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, saa nne kasorobo hivi, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Watu walitafuta mishumaa. Wengine walibaki kwenye kochi wakingoja irudi. Aliyetoka nje mahali pasipo na mawingu alipata kitu cha bure. Mwezi uliopita nusu kidogo ulikuwa unateremka magharibi. Upande wa pili, katikati ya upeo na utosi, palikuwa na nukta ya rangi ya samli isiyopepesa hata kidogo. Hiyo ilikuwa Zohali, na ilikuwa imebakiza siku mbili tu kufika pale ambapo Dunia inakuwa katikati yake na Jua.

Nimeishi Nakuru miaka mingi, na watu huniuliza maswali mawili tu kuhusu nyota: darubini ni pesa ngapi, na ile inayong'aa sana jioni upande wa Mau ni satelaiti ya nani. La kwanza, huhitaji darubini. La pili, karibu kila mara ni Zuhura. Mengine yanataka shingo, saa na mkono wako mwenyewe. Yanataka pia ujue umesimama wapi, maana hapa tulipo si mahali pa kawaida.

Mji wa Nakuru uko kusini mwa ikweta kwa kilomita thelathini na kitu tu. Ukishika barabara ya Baringo unaivuka ikweta Mogotio kabla hujachoka kukaa ndani ya matatu. Kwa mtazama nyota hiyo ni mali. Mtu wa London haoni kundi la nyota la Salibu akiwa kwao hata aishi miaka mia. Mtu wa Cape Town hawezi kuliona kundi la Dubu Kubwa likiwa zima. Wewe, ukiwa juu ya paa la ploti yako Kaptembwo au Free Area, mwaka ukizunguka unapitiwa na karibu kila nyota ambayo jicho la binadamu linaweza kuiona.

Dira yako ni mlima na ziwa

Kabla ya kutafuta nyota yoyote, jua pande nne. Nakuru mjini hilo ni jambo la dakika moja: Menengai iko kaskazini, ziwa liko kusini, Mau iko magharibi, na Bahati pamoja na Nyandarua nyuma yake ziko mashariki. Kariri hivyo. Ukiambiwa "tazama kusini", geukia ziwa. Walio Njoro, Gilgil au Molo watafute alama zao wenyewe, na njia rahisi ni kuangalia Jua linapozama karibu na 20 Machi au 23 Septemba. Siku hizo linazama magharibi kamili, na kilima kilicho hapo kitakufaa maisha yako yote.

Mabaharia wa pwani nao walikuwa na majina ya pande kutokana na nyota. Kaskazini waliita jaa, jina la nyota ya ncha ya kaskazini; kusini waliita suheli, nyota ya pili kwa kung'aa katika anga nzima ya usiku. Kwetu Nakuru jaa haionekani, kwa kuwa iko kwenye upeo wenyewe, na Menengai imeukalia upeo huo. Suheli lakini ipo, na kuanzia Januari hadi Aprili hukaa juu ya ziwa kila jioni, ngumi tatu na kitu kutoka ardhini.

Nimesema ngumi, na ndivyo tutakavyopima. Nyoosha mkono mbele yako hadi kiwiko kinyooke. Upana wa ngumi yako ni digrii kumi hivi. Shibiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole kidogo, ni kama ishirini. Kidole kidogo peke yake ni digrii moja, na kinaufunika Mwezi mzima kikabaki na nafasi. Wengi hawaamini hilo mpaka wajaribu, kwa sababu Mwezi ukichomoza juu ya Bahati unaonekana kama sinia. Watoto wana mikono mifupi na ngumi ndogo, kwa hiyo kipimo kinawafaa vilevile.

Ngumi hiyo pia ni saa. Dunia inajizungusha digrii kumi na tano kwa saa moja, hivyo nyota iliyo juu ya Mau kwa ngumi tatu itazama baada ya saa mbili. Hapa kwenye ikweta mzunguko huo unatubeba kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilomita 1,670 kwa saa. Hatuhisi chochote, ila Waitalia walilitumia jambo hilo walipoweka jukwaa lao la San Marco baharini karibu na Malindi. Roketi iliyorushwa kutoka huko kuelekea mashariki ilianza safari ikiwa na mwendo wa bure.

Na kwa kuwa tuko kwenye mizungu ya ikweta: yule anayekuonyesha maji yakizunguka kulia upande huu wa mstari na kushoto upande ule, mpe pesa yake ya chai, lakini usimwamini. Nguvu inayotokana na mzunguko wa Dunia huelekeza dhoruba kubwa za baharini, haiwezi kitu ndani ya karai. Maji yanazunguka jinsi yalivyomiminwa na jinsi karai lilivyogeuzwa.

Pa kusimama, na pa kutosimama

Taa za mji ndizo adui. Katikati ya Nakuru utahesabu nyota thelathini au arobaini. Ukienda kilomita kumi na tano nje kuelekea Rongai, Mbaruk au Subukia, utazidiwa. Lakini usidharau paa la ploti. Simama nyuma ya tangi la maji au shuka iliyoanikwa, ili taa ya barabarani isikupige machoni. Taa isiyokuona haikusumbui sana.

Ukingo wa Menengai ni mzuri, na uko juu ya mita 2,200, ila nenda na wenzako, nenda na mtu anayepajua, na usisogelee ukingo gizani ukiwa umetazama juu. Kando ya Ziwa Naivasha sipendekezi hata kidogo: viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na mtu aliyelala chali kwenye mkeka hana mbio. Mbuga ya Ziwa Nakuru ni ya aliyelipia kulala humo. Kama una ndugu mwenye shamba Elmenteita au Solai, msalimie mara kwa mara.

Vaa kama mlinzi wa usiku. Januari anga ikiwa safi, joto la mchana lote hupanda likaenda zake, na saa tano usiku meno yanagongana. Molo na Mau Narok ni zaidi. Kofia ya marvin kichwani, soksi mbili, blanketi, chupa ya chai. Beba mkeka, kwa sababu shingo haikuumbwa kutazama utosini nusu saa nzima.

Jicho linahitaji dakika ishirini hadi thelathini kuzoea giza, na kutazama simu mara moja tu kunalirudisha nyuma. Mwanga mwekundu hauliharibu sana. Zamani tungefunika tochi kwa mfuko mwekundu wa plastiki. Mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, basi mimi nilichukua rangi nyekundu ya kucha nikapaka kioo cha tochi mara mbili. Mwenye rangi hakufurahi, lakini tochi hiyo natumia mpaka leo.

Msimu nao una maneno yake. Kwetu miezi ya anga safi ni kuanzia mwisho wa Desemba hadi katikati ya Machi. Baada ya hapo mvua inakuja na kurudi, na hata Agosti inanyesha. Usikate tamaa: saa mbili baada ya mvua kubwa, mawingu yakifunguka, hewa inakuwa imeoshwa vumbi na nyota zinakaa kama zimepigwa msasa.

Anza na Jabari

Kama ni usiku mmoja tu wa mwaka utakaotoka, toka mwisho wa Januari, saa tatu na nusu usiku. Tazama utosini. Utaona nyota tatu zimejipanga mstari mmoja, zimekaribiana, zinalingana. Huo ni mkanda wa kundi la nyota liitwalo Jabari. Nyota iliyotangulia kuchomoza kati ya hizo tatu inaitwa Mintaka, na inapita juu ya Nakuru utosini kabisa, pasipo kuegemea kaskazini wala kusini. Ukiangusha timazi la fundi wa mawe kutoka kwenye nyota hiyo wakati huo, litatua mjini Nakuru. Mara ya kwanza nilipolijua jambo hili nilihisi kama mtu aliyegundua kwamba shamba lake lina kisima.

Jioni za Desemba mkanda huo huchomoza mashariki kamili, zile nyota zimesimama moja juu ya nyingine kama mtu anapanda ngazi. Kwa hiyo hata kijijini usikokujua, mahali mkanda wa Jabari unapochomoza ndiko mashariki, na unapozama ndiko magharibi.

Sasa tumia mkanda huo kama rula. Upande wa kaskazini wake, ngumi moja hivi, kuna nyota nyekundu: Betelgeuse. Upande wa kusini, umbali uleule, kuna nyeupe yenye ubuluu: Rigel. Rangi hizo si mchezo wa macho, ni joto. Kama chuma kwa mhunzi, nyekundu ni baridi kuliko nyeupe, ingawa baridi ya nyota bado ni maelfu ya digrii. Endeleza mstari wa mkanda kuelekea mashariki na kusini kidogo, ngumi mbili, utafika kwenye Shira, nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Mwanga wake huchukua miaka minane na nusu kutufikia. Mtoto wako wa Gredi ya Tatu anaona mwanga uliotoka huko kabla au karibu na siku aliyozaliwa.

Endeleza mstari uleule upande wa pili, magharibi na kaskazini, upite nyota nyingine nyekundu iitwayo Aldebaran, ufike kwenye kishada kidogo kama vumbi linalong'aa. Hicho ni Kilimia. Wengi huona nyota sita. Wenye macho makali huona zaidi. Hili si jina la kitabuni. Linatoka kwenye kulima, na wahenga wa pwani walisema Kilimia kikizama katika jua huzuka katika mvua, kikizama katika mvua huzuka katika jua. Kweli kila mwaka hupotea magharibi mapema Mei, hujificha nyuma ya Jua, kisha huonekana tena alfajiri mwezi wa Juni. Wanandi walikiita koremerik na walikitazama kujua mavuno yatakuwaje. Huko mbali kusini Waxhosa hukiita isilimela, neno lenye mzizi uleule wa jembe. Kabla ya kalenda ya ukutani yenye picha ya duka la vifaa, hii ndiyo ilikuwa kalenda.

Mei, milango miwili

Katikati ya Mei, saa tatu usiku, omba mwanya wa mawingu. Simama uielekee Menengai. Ngumi tatu hadi nne juu yake utaona nyota saba kubwa zimechora sufuria yenye mpini mrefu, imepinduliwa kana kwamba imeoshwa na kuanikwa. Hiyo ni sehemu ya Dubu Kubwa. Nyota mbili za ukingo wa sufuria, zilizo mbali na mpini, zinaelekeza chini, ardhini, nyuma ya mlima. Huko ndiko ilikojificha jaa.

Geuka nyuma, uelekee ziwa. Ngumi tatu juu ya upeo kuna msalaba mdogo uliosimama wima, nao ni Salibu. Mguu wake mrefu pia unaelekeza chini, ardhini, ng'ambo ya ziwa. Kushoto kwake kuna nyota mbili kali, na ile inayong'aa zaidi ni Alpha Centauri, jirani yetu wa karibu baada ya Jua, umbali wa miaka ya nuru minne na kitu. Mwaka wa nuru ni umbali, si muda: ni safari ya mwanga kwa mwaka mzima, nao mwanga hukimbia kilomita laki tatu kila sekunde.

Dubu Kubwa na Salibu hufika juu kabisa karibu saa ileile, kila moja upande wake. Mstari unaopita kutoka nyuma ya Menengai, chini ya miguu yako, hadi ng'ambo ya ziwa, unakwenda sambamba na mhimili unaoizungusha Dunia. Anga yote inazunguka juu yako kama gurudumu lililosimama wima, na wewe umekaa mahali ambapo ncha zote mbili za ekseli zinagusa upeo. Si watu wengi duniani wanaoweza kuliona hilo bila kuondoka nyumbani.

Mwisho wa Julai na Agosti kuna Nge, mwenye moyo mwekundu na mkia uliokunjwa, na nyuma yake kundi linalofanana na birika la chai. Wingu hafifu linalotoka mdomoni mwa birika ndilo kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu wenyewe, umbali wa miaka ya nuru elfu ishirini na sita. Mjini halionekani. Subukia linaonekana.

Sayari, Mwezi na boga

Nyota hupepesa, sayari hazipepesi. Kanuni hiyo inatosha kwa asilimia kubwa ya usiku. Sayari zinafuata njia ileile ya Jua na Mwezi, kwa hiyo ukiona taa kali juu ya Menengai au chini kabisa kwenye ziwa, hiyo si sayari. Zuhura haipandi usiku wa manane. Iko magharibi jioni au mashariki alfajiri, na ndiyo maana wazee wengine walidhani ni nyota mbili. Mshtarii huhama takriban kundi moja la nyota kila mwaka, Zohali polepole zaidi, Mirihi ni nyekundu na hubadilika mno kwa ukali. Programu kama Stellarium kwenye simu itakuambia ipi iko wapi leo. Iangalie kabla ya kutoka, kisha uizime.

Mwezi mwandamo kwetu hausimami kama mundu wa kwenye vitabu vya Ulaya. Hulala chali kama dau, kwa sababu kwenye ikweta njia ya Jua inaanguka wima kwenye upeo, na upande unaomulikwa unabaki chini. Kwa kutazama mashimo yake usingoje mwezi mpevu. Huo hauna vivuli, ni sahani tupu. Tazama ukiwa nusu, pale mwanga na giza vinapopakana. Shimo liitwalo Copernicus lina upana wa kilomita 93. Shimo la Menengai, ambalo sisi tunaliona kubwa, halifiki hata kilomita 13 kwa upana wake mrefu. Weka ukingo mmoja wa Copernicus Nakuru, ukingo wa pili unapita Naivasha. Halafu asili ni tofauti: Menengai ni mlima wa moto uliobomoka ndani, lakini mashimo mengi ya Mwezi yalichimbwa na mawe yaliyotoka angani.

Kwa hili utataka vioo. Nilipokuwa kijana nilinunua darubini ya plastiki katika duka moja ambalo sitalitaja, sanduku likijigamba kwamba inakuza mara 525. Miguu yake ilitetemeka kila gari lilipopita, na nilichoona kilikuwa kope zangu. Usinunue. Nunua au azima darubini ya macho mawili, iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na hiyo ya pili ndiyo inayokusanya mwanga. Nakuru ina bahati nyingine hapa: madereva wa watalii na watazama ndege wa ziwani wanazo. Subiri msimu wa wageni uishe, uwaombe.

Mkono ukitetemeka huoni kitu. Chukua jembe, simamisha mpini, weka darubini juu ya ncha yake na uishike pamoja. Usiku mmoja tulifanya hivyo uani kwa jirani, Mshtarii ikiwa juu, watoto wamepanga foleni. Mwishoni akaja shosho wa nyumba hiyo, akainama, akanyamaza muda mrefu.

"Shosho, unaona vidoa pembeni yake?"

"Naona vitatu. Vimepangwa kama vifungo."

"Viko vinne, shosho. Cha nne kimejificha."

"Basi nitakuja kesho nikione."

Alikuja kweli, na vilikuwa vinne, vimebadilisha nafasi: viwili huku, viwili kule. Hiyo ni miezi ya Mshtarii, ileile aliyoiona Galileo Januari 1610, na ule wa ndani kabisa kati ya minne hiyo humaliza mzunguko kwa saa arobaini na mbili. Shosho akaniuliza swali ambalo watoto hawakuuliza: je, huko ni mbali kiasi gani?

Nilimjibu kwa boga. Chukua boga lenye upana wa sentimita thelathini, uliweke mwanzo wa barabara. Hilo ni Jua. Tembea mita thelathini na mbili, weka punje ndogo ya mtama: hiyo ndiyo Dunia, na sisi sote tumo. Mwezi ni chembe ya mchanga, upana wa kiganja kutoka kwenye punje. Endelea mpaka mita mia moja sitini na nane, weka ndimu changa: Mshtarii. Zohali iko mita mia tatu na kitu, na Neptuni karibu kilomita nzima kutoka kwenye boga. Nyota ya jirani, Alpha Centauri, ni boga jingine. Kuliweka mahali pake itabidi ulisafirishe kilomita elfu nane na mia tisa, karibu kufika Beijing. Katikati hapo hakuna boga lolote. Ukiwa na darasa la watoto, fanya hivi kwa miguu, usiwachoree ubaoni.

Vinavyotembea na vinavyoanguka

Nukta inayopita anga kwa dakika chache, bila kupepesa na bila taa za rangi, ni satelaiti. Kubwa kuliko zote ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilicho kilomita mia nne juu, kikizunguka Dunia kwa dakika tisini hivi. Huonekana jioni giza likianza kuingia au kabla ya kupambazuka, kwa sababu wakati huo sisi tuko gizani na chenyewe bado kinapigwa na Jua. Taa nyingi zilizofuatana kama mabehewa ya treni ni satelaiti za Starlink zilizorushwa karibuni. Hakuna haja ya kupigia redio simu.

Kenya nayo iko huko juu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Uhuru, jukwaa la San Marco lilirusha satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina Uhuru. Mwaka huohuo kituo cha satelaiti kilianza kazi chini ya Longonot, na dishi lake utaliona ukipita kuelekea Naivasha. Taifa-1, ya kwetu wenyewe, ilirushwa 15 Aprili 2023 kutoka Marekani. Na Susan Murabana na Chu Owen wanazunguka na darubini yao kubwa, Travelling Telescope, wakiwaonyesha watoto wa shule. Wakifika karibu nawe, acha kazi uende.

Baada ya Jamhuri, usiku wa kuamkia 14 Desemba, lala chali kuanzia saa nne hadi alfajiri. Vimondo vya Geminidi huanguka kwa wingi wakati huo, na Mwezi usipokuwepo, mahali penye giza utahesabu makumi kwa saa. Vingi ni chembe tu, ndogo kuliko harage, zinazoungua juu sana. Kinachofika chini kikiwa kizima ni nadra. Kile cha 30 Desemba 2024 kilichoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, hakikuwa kimondo: kilikuwa duara la chuma la mita mbili na nusu, uzito wa kilo mia tano hivi, takataka ya roketi. Ukikuta kitu kama hicho, usikiguse, zuia watoto, mwite chifu au polisi, nao watawaita Shirika la Anga la Kenya.

Tarehe mbili za kuandika ukutani. Jumatatu, 2 Agosti 2027, Jua litapatwa. Misri litazimika kabisa, kwetu litafunikwa sehemu tu, mchana. Usilitazame kwa macho, wala kwa darubini, wala kwa filamu ya eksirei, wala ndani ya karai la maji kama tulivyofundishwa. Shika chujio la jikoni lenye matundu madogo juu ya karatasi nyeupe, na kila tundu litakuangushia Jua dogo lililoumwa. Chini ya mti wenye majani mengi ardhi yote itajaa vipande hivyo.

Ya pili haihitaji tahadhari yoyote. Jumapili, 31 Desemba 2028, Mwezi mpevu utachomoza juu ya Bahati ukiwa tayari umeanza kuliwa pembeni, na kati ya saa moja na robo na saa mbili na nusu usiku utakuwa mwekundu wote. Wanaokwenda kesha kanisani watapita barabarani wakati huo. Beba mpini wa jembe.